Nilizing'oa Droo za Gari la Mwanangu, Lawama Akabebeshwa Rafiki Yake

Droo zote nane zimeng'olewa kwenye gari la mwanangu, na aliyeamuru zing'olewe ni mimi mama yake mzazi, ila mwenyewe hajui, anadhani ni makosa ya rafiki yake! Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu, ni moyo umejaa, hujambo lakini, na wenzako hapo gazetini hawajambo?

Mimi ni mama wa watoto wanne, shule niliishia darasa la saba ila wanangu wote wana kazi zao na hakuna wa kunitia aibu, na huyu ninayemzungumzia ni kitinda mimba wangu, fundi wa pampu za visima, na sisemi hivi kwa kuwa ni wangu, uliza mtu yeyote, pampu ikigoma huko ambako hata punda anafikiria mara mbili, wanaitwa mafundi watatu wanarudi mikono mitupu, halafu ndiyo anaitwa wangu. Ana gari lile la njia mbovu, magurudumu yote manne yanavuta, na nyuma alitoa viti akajitengenezea droo za chuma na mbao, miezi saba kila Jumapili anapima na kukata, na kila droo ina sponji iliyochongwa kwa umbo la kifaa chake, spana hapa, soketi pale, kwa hiyo kabla hajaondoka kisimani anavuta droo na akiona shimo tupu anajua kuna kitu amekisahau. Mimi nikipata mgeni, kabla hata hajaketi nampeleka uani nikamwonyeshe, mpaka wenzangu wa kikundi cha ushonaji wakanipa jina la Mama Droo, na wala sikukasirika.

Sasa mwaka huu mwanangu akapata nafasi ya kufungua karakana yake mwenyewe, na ili aianze ilibidi auze gari. Akaniambia, "Mama, nasafiri wiki mbili na gari la mteja, langu nakuachia na ufunguo. Akija mtu wa kuliangalia mwonyeshe tu, mengine nitaongea mimi." Mwonyeshe tu! Mshauri, mimi na kuonyesha tu, wapi na wapi?

Akaja bwana mmoja wa heshima zake, na mke wake na watoto watano, nikafungua mlango wa nyuma, nikavuta droo moja moja kama muuza dhahabu, nikamwambia kwa droo hizi bei lazima ipande, hili si gari, ni karakana yenye magurudumu. Bwana akakuna kidevu. "Mama, droo ni nzuri, sikatai. Ila hawa watoto wangu nitawaweka kwenye droo ya ngapi?" Mke wake akacheka, watoto wakacheka, mimi damu ikanichemka. Akasema gari analipenda lakini droo kwake hazina thamani, tena zinampunguzia, maana itabidi alipe mtu azitoe na kurudisha viti, ila zikitolewa yeye keshokutwa yuko hapa na fedha mkononi.

Walipoondoka nikabaki uani najiuliza, kumbe miaka yote hii natamba kwa kitu ambacho watu hawakitaki? Nikaona nimfanyie mwanangu wema, arudi akute gari limeshauzwa. Nikamwita Cheche, mchomeleaji wa mtaa wa pili, ambaye alisoma ufundi pamoja na mwanangu, tangu wakati ule wanakula sahani moja, na ndiye aliyemsaidia kuchomelea fremu ya hizo droo. Aliponisikia akashika kiuno.

"Mama, mwenyewe amesema?"

"Amesema."

"Ngoja nimpigie mara moja nihakikishe."

"Cheche, yule nimemzaa mimi au umemzaa wewe? Huko aliko simu haishiki. Washa grinda!"

Akawasha. Fremu ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye sakafu ya gari, kwa hiyo kuitoa ilibidi kukata, na ilipotoka sakafu ikabaki na matundu manne na reli za droo zikapinda. Yule bwana alirudi kweli keshokutwa, akachungulia, akasema sakafu hii itamwingizia maji na vumbi, akaniaga kwa adabu na sijamwona tena.

Mwanangu akarudi, na hakuja peke yake, alikuja na dada mmoja fundi wa minara ya simu, ambaye aliziona droo kwenye picha na walikuwa wameshakubaliana kwa simu, yaani droo ndizo zilizomleta. Walipofungua mlango wa nyuma mwanangu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alipitisha vidole kwenye tundu moja la sakafu, akauliza, "Nani?"

Mshauri, mdomo wangu huu! Nikasema, "Cheche alinielewa vibaya. Mimi nilimwambia azipake rangi."

Yule dada akaondoka, akasema zikirudi apigiwe. Mwanangu hakwenda hata kumuuliza Cheche, alisema akienda watapigana, basi sasa wanapishana barabarani bila salamu. Wenzangu wa ushonaji nao nikawapa hadithi ileile, na mmoja wao geti lake lililokuwa kwa Cheche ameshalihamishia kwa mtu mwingine. Juzi Cheche mwenyewe akaja, akanipa shikamoo kama kawaida yake, akauliza, "Mama, nimemkosea nini mwenzangu?" Nikamwambia, "Mpe muda, mwanangu." Nilimwita mwanangu, mshauri, huku namdanganya usoni. Tangu siku hiyo chakula hakishuki.

Naomba unijibu mawili. Hizi droo zinaongeza thamani ya gari au haziongezi, maana nataka kujua kama nilikuwa mjinga tangu mwanzo? Na je, nitatokaje hapa bila mwanangu kunichukia?

Ni mimi Mama Droo, ambaye sasa jina hilo linanichoma.

MSHAURI ANAJIBU:

Mama Droo, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ulipofika kwa wale watoto watano. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na gari, kwa kuwa ndilo jepesi. Kabla ya kukujibu nilimuuliza jamaa yangu anayeuza magari ya namna hiyo. Anasema droo huongeza thamani kwa mtu ambaye kazi yake inafanana na ya aliyezitengeneza, kama yule dada wa minara, na mtu huyo huenda ukamsubiri miezi. Kwa mwenye familia ni mzigo: zinakula nafasi ya viti, zinaongeza uzito, springi za nyuma zinachoka mapema. Kinachoharibu bei ni kuzichomelea. Zikifungwa kwa boliti, na viti vya zamani vikatunzwa stoo, gari linauzika kwa wote wawili. Kwa hiyo hukuwa mjinga kujivunia. Ulimpata mnunuzi asiye wako, ukakimbilia grinda. Na mwanao naye alikosea kuchomelea, ila hilo usimwambie wewe, na usimwambie mwezi huu.

Sasa lile zito. Uliambiwa uonyeshe tu. Ukaongeza bei, ukatoa amri, ukadai mwenye mali ameruhusu. Hayo yote mtoto anaweza kumsamehe mama yake, maana anajua ulivyo. Lakini Cheche alikuuliza swali la mtu mwangalifu, akataka hata kupiga simu, wewe ukamziba mdomo kwa uzazi wako. Halafu ukamtwisha kosa ambalo yeye ndiye pekee aliyejaribu kulizuia. Mchomeleaji anaishi kwa watu kuamini kwamba akiambiwa paka rangi hatakata. Geti moja limeshaondoka. Unasubiri mangapi?

Unaniuliza utokeje bila kuchukiwa. Mama, sina dawa hiyo. Atakasirika, na ana haki. Atakasirika zaidi kwa uongo kuliko kwa droo, na kila siku unayokaa kimya unamwongezea. Pole sana, najua unampenda, barua yako nzima inasema hivyo. Basi mpende kwa kumrudishia rafiki yake.

Leo hii, mwanao akirudi kutoka kazini, mwambie kwa maneno mafupi: "Nilimwambia Cheche umekubali. Alitaka kukupigia nikamkataza. La rangi nililitunga." Ishia hapo. Usianze na "nilitaka kukufanyia wema", na usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Akitoka nje, mwache atoke.

Kesho asubuhi nenda kwa Cheche. Usimtume mtu kumwita, nenda mwenyewe mpaka anapofanyia kazi, hata kama kuna wateja, na ikiwa wapo ndiyo vizuri zaidi. Mwombe radhi wakisikia.

Droo usizitupe wala usizigawe. Kama mwanao na Cheche watakubali kuzinyoosha na kuziba sakafu, na safari hii wafunge kwa boliti, ni shauri lao. Yule dada wa minara atapigiwa na mwanao, si wewe. Kazi yako hapo ni kupika na kunyamaza, na najua cha pili kitakushinda, jaribu.

Kisha wakusanye wenzako wa ushonaji, wote uliowapa ile hadithi, na yule mwenye geti akae mbele. Mwalike mwanao, mwalike Cheche, uwaambie wazi kwamba kuja au kutokuja ni hiari yao. Utasimama wewe kwanza, kabla ya chai, useme ulivyosema uongo na uliyemsingizia, kwa sauti ileile uliyotambia droo. Usiahirishe kwa sababu ya mvua wala kichwa kuuma. Anza kuwapa taarifa leo: uani kwako, Jumamosi hii, saa nne asubuhi, waje wote.