Kibao Ulichoandika "Usitoe"

Baba yangu,

Nimekitoa kile kibao. Naanza na hilo kwa sababu hata ungekuwepo usingesubiri nikusalimu. Ungeniangalia usoni ukajua kuna kitu nimeharibu.

Nazungumzia kile cha ndani ya gitaa lako la umeme, lile jekundu. Kesho asubuhi tunakusimikia msalaba hapa Isansa, na mama ameniomba nipige wimbo wako wa kufungia ibada. "Ila ulitikise, mwanangu, kama alivyokuwa akilitikisa zamani." Nikaitikia haraka, mimi na mdomo wangu.

Ulipoondoka mama alilificha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Kwa kuwaogopa mchwa akalizungushia chumvi ya Ivuna, ile ya mawe mawe, kama anahifadhi samaki. Mchwa hawakuja. Kilichokuja ni kutu. Nililikuta nyuzi zimegeuka kahawia na skrubu za daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi, zimeliwa vichwa. Nikalibeba hadi Tunduma, kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, na kwa wiki mbili wateja wameniuliza kama nimebadilisha kazi.

Unakumbuka siku tulipolinunua? Nilikuwa darasa la tano. Tulivuka kwenda Nakonde, ukamwamkia yule mzee mpiga muziki aliyekuwa akiliuza "Mulishani, mukwai" kwa Kibemba chako cha sokoni, ukakaa juu ya kreti ukalijaribu mpaka watu wakatuzunguka. Ulibonyeza ule mkono wa chuma unaotikisa daraja, sauti ikashuka ikitetemeka, ukauachia, halafu ukauvuta juu kidogo tu. Kila ulipobonyeza ulimalizia na kale kavuto. Nilidhani ni madoido yako ya kupendeza watu.

Juzi nilifungua kifuniko cha nyuma ili nibadilishe springi. Ndani nikakuta kipande cha mti wa mbuni, umekichonga vizuri na kukibana nyuma ya daraja ili lisitikisike tena. Juu yake kwa penseli, kwa mwandiko wako wa kulala: Usitoe. Nilikaa nacho mkononi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa.

Maana nilijua ulikiweka lini. Ni baada ya ile Jumapili, Baba. Ulibonyeza mkono katikati ya wimbo, nyuzi zikakataa kurudi mahali pake, nami niliyesimama mbele na kwaya nikageuka nikasema, "Baba, nyuzi zimelegea." Kanisa zima lilisikia, likacheka. Sikujua kipaza sauti kilikuwa wazi. Wewe ulitabasamu, ukakaza nyuzi, ukaendelea. Lakini hukulitikisa tena hadi mwisho wako, na miaka yote hiyo nilijiambia umechoka tu na mambo ya ujana. Nimeumia sana, Baba. Nilitakiwa kukuomba radhi ukiwa hai.

Basi nikakitoa. Nimeweka springi mpya na kung'arisha pale daraja linapoegemea skrubu. Nyuzi mpya nimezivuta kwa mkono mpaka zikaacha kurefuka, na vile vijia vya juu ya shingo ya gitaa zinamopita nimevipaka unga wa penseli ziteleze. Nikabonyeza. Zikashuka, zikarudi zimelegea, vilevile kama siku ile. Nikarudia mpaka jasho likanitoka. Ndipo nikakumbuka kale kavuto. Nikabonyeza, nikaachia, nikavuta juu kidogo, na nyuzi tano kati ya sita zikarudi sawasawa. Kumbe hayakuwa madoido, yalikuwa matibabu. Siku ile ya kanisani sijui nini kilikupita. Labda nilikuwahi kwa maneno kabla hujavuta.

Uzi wa tatu ndio unaonitesa. Mara unarudi, mara unabaki chini, na programu ya kupimia sauti kwenye simu yangu inanionyesha wazi kabisa. Sasa ni Jumamosi jioni, nimekaa barazani, kwaya inafanya mazoezi na majirani wanachambua mchele. Mfuko mmoja una bisibisi, mwingine una kibao chako. Dakika tano tu, nakirudisha, na kesho hakuna atakayecheka.

Mama alipita na ungo akanikuta nabonyeza. Nikamwahi: "Uzi mmoja unalegea, mama."

"Ulikuwa unalegea hata kwa baba yako," akasema. "Sisi tulikuwa tunangoja kwa hamu pale anapoutafuta."

Akaenda zake na ungo wake. Nimebaki na hofu ileile, sitakudanganya. Ila nimemwomba mwalimu wa kwaya aweke kipaza sauti mbele yangu, kikiwa wazi. Uzi ukilegea, nitalisema mwenyewe, watu wakitaka kucheka wanicheke mimi, kisha nitautafuta mpaka nimalize wimbo.

Na kibao nimekitia motoni, Baba, chini ya sufuria ya maharage, pamoja na mwandiko wako, kwa sababu najijua: asubuhi ningekirudisha. Kinawaka vizuri. Kesho usikilize kwa makini pale mwisho. Nikishabonyeza, ngoja kale kavuto.

Pumzika, nami nijaribu kulala.

Binti yako,
yule mwenye mdomo