Nikabu na Mashine ya Oksijeni

Mjukuu wangu Nasra,

Hapa Malindi sote wazima, na paka wako kazaa chini ya kitanda changu. Umeniuliza kama nnafanya mazoezi ya kutembea na ile mashine ya oksijeni, inayojiongeza yenyewe kifua kikinibana. Nnatembea. Lakini nilianza kuvaa nikabu, mimi nisiyewahi kufunika uso, ili mpira wa puani usionekane.

Juzi jirani yetu Bi Rukia akanisifu mbele ya watu barazani: "Mashaallah, umejisitiri!"

Nikainamisha kichwa kama mcha Mungu, nikabana pumzi kwa haya. Mashine ikahisi, ikaanza kuvuma.

"Nini hicho, shoga?"

Nikafunua uso. Akanipisha nikae.

Siku hizi napita uchochoro wa nyuma. Mpira haunitii haya tena, Nasra. Kinachonitia haya ni ile Mashaallah niliyoipokea nami siistahili.

Bibi yako