Kamba Iliyopigiwa Kura

Rutamba, Jumanne, baada ya Isha

Kunyoosha mikono! Tangu lini uimara wa kamba ukapigiwa kura?

Kesho Saidi, mume wangu, anashuka kuchimba kisima cha kijiji, na roho yake itaning'inia kwenye kamba ya kiunoni. Leo mkutanoni zililetwa kamba mbili. Moja ya nailoni, mpya, Saidi mwenyewe kainunua dukani Mingoyo. Nyingine ya katani, imelala masika yote kwenye ghala la korosho linalovuja. Nilipoikunjua, nyuzi zilibaki mkononi mwangu.

Mwenyekiti akasema katani ni jasho letu, nailoni ni ya mabeberu. "Tunajitegemea au hatujitegemei?" Makofi. Mikono juu. Katani ikashinda.

Nikasimama. "Shikamoo, Mwenyekiti. Kamba hii imeoza."

"Marahaba, mwanangu. Wengi wameshaamua."

Na Saidi naye! Kanyamaza kimya, asije akaitwa mpinga ujamaa. Tulipofika nyumbani ndipo ananiambia, "Mama Zuhura, tumwachie Mungu." Mungu huyohuyo ndiye aliyetupa macho ya kuona kilichooza!

Naogopa. Nikifumba macho naisikia ikikatika, halafu...

Kamba yao walimpa Saidi aje nayo. Iko hapa ukumbini, naye anakoroma. Nimechukua panga, nimeikata vipande vipande, nimevipanga mlangoni.

Asubuhi waje tena wote, na Mwenyekiti wao. Wanyooshe mikono, tuone kama itaungana.