Jinsi Bagalwa alivyonivuta kutoka ndani ya mazuku

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamepokelewa Goma, Jumapili tarehe 15 mwezi wa tisa 2024, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mbele ya Inspekta Habumugisha, OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi).

Jina: Musafiri Jafari. Miaka: 53. Kazi: kuongoza wageni wanaotaka kuloba samaki kwa ndoano katika Ziwa Kivu. Makao: kartie Murara, komine ya Karisimbi. Masomo: darasa la nne primaire, mengine nilijifunza ziwani.

Mimi Musafiri ninasema kwa akili timamu, bila kulazimishwa. Nimekuja mwenyewe kwa miguu, na muke wangu Asumini alinikataza kutoka kitandani. Nimekuja kwa sababu mutu anayeitwa Bagalwa amelala usiku wote ndani ya kasho yenu, anashitakiwa kwamba jana alitaka kuniua. Hakutaka kuniua. Kama ninapumua mbele yenu, ni kwa sababu yake.

Kwanza mujue munaongea na nani. Toka Kituku mpaka Sake hakuna anayejua kambare kama mimi. Nimewahi kunasa mumoja aliyevuta pirogi yetu, mutumbwi muzima, mpaka karibu na Gisenyi, kidogo tuingie Rwanda bila kuonyesha karatasi. Inspekta ananiambia niseme ya jana. Ninasema ya jana.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nilikuwa Kituku, ukingoni mwa ziwa, pamoja na mugeni wangu Bwana Constant, fundi wa minara ya simu, mutu wa Kinshasa, ana wiki mbili tu hapa Goma. Alitaka kambare mukubwa apige naye picha, amutumie baba mukwe. Nilikuwa na ndoo ya sambaza wazima, wale samaki wadogo, niliowanunua kwa wavuvi waliotoka kazi ya usiku. Ndio chambo chetu, kwa sababu kambare mukubwa anapenda chakula kinachotembea.

Bagalwa alikuwa pale. Ni mutu wa upande wa Bukavu, tunafanya kazi moja, na hatupendani sana. Alisema huyo mugeni alikuwa wake, walikuwa wameongea tangu Ijumaa. Nikamwambia: "Mugeni ana macho. Amechagua fundi." Akanijibu: "Endelea tu, Papa Musafiri. Utaniona." Maneno hayo Bwana Constant aliyasikia na ameyaweka katika maelezo yake. Ni kweli yalisemwa. Pale Kituku tunaambiana hivyo kila siku ya Mungu, kisha tunaombana kiberiti.

Tulienda upande wa magharibi, tukapita Kyeshero. Karibu saa moja, nilipotaka kutia chambo, nilikuta sambaza wote wamelala ubavu. Bwana Constant alikuwa amewamwagia barafu kutoka sanduku lake la vinywaji.

"Niliona wanasikia joto, Papa," aliniambia.

Alisema kwa huruma, sikuweza kumugombeza. Bagalwa alikuwa nyuma yetu ndani ya pirogi yake, peke yake, akaita: "Leo munaloba na barafu? Samaki watapata mafua."

Hiyo iliniuma. Nilisogeza pirogi ukingoni, nikamwambia mugeni wangu abaki ndani, mimi nitapanda kuleta minyoo. Kuna shimo pale, bonde dogo kati ya mawe ya volkano, nyasi zake ni mbichi hata wakati wa jua. Kila mutu wa Goma anajua kwamba mahali kama hapo panaweza kuwa na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala ndani ya mashimo. Haina rangi, na asubuhi kabla ya upepo iko nyingi. Hata mimi ninajua. Lakini nilitazama chini nikaona minyoo imetoka yenyewe juu ya udongo, minene, haina haja ya jembe. Nikasema, Musafiri, hata minyoo imekuja kukupokea. Sikujiuliza inakimbia nini. Nilishuka nikainama kuokota. Nilijaza kiganja kimoja, nikaanguka. Baada ya hapo sijui kitu.

Yanayofuata nimeambiwa na Bwana Constant mwenyewe, aliyekuja kuniona jana kwenye kituo cha afya nilikoamkia. Aliyoyaona ninayakubali. Alimuona Bagalwa anapanda ukingoni mbio na mti murefu wenye chuma ya kupinda, ule wa kuvutia pirogi ya mwenzako. Alimuona anashuka hatua chache, ananichoma na ile chuma mara mbili, tatu. Anasema hakuinama hata kidogo. Hakunigusa kwa mukono, hakuniangalia, uso wake ulikuwa juu kama mutu asiyejali. Kisha alinikokota juu ya mawe kwa mukaba wa suruali, kama gunia la makaa. Bwana Constant akapiga kelele kwamba ninauawa, watu wakaja, polisi wakamuchukua Bagalwa akiwa bado anakohoa.

Inspekta, angalia mugongo wangu, mawe yameuchuna. Angalia kiuno, hapo chuma ilipita kabla ya kukamata mukaba. Alama zote ni za Bagalwa, na ninamushukuru kwa kila moja. Mutu aliyeanguka ndani ya mazuku hauinami kumushika. Ukiinama, mazishi yanakuwa mawili. Unabana pumzi, unaweka kichwa juu, unavuta na chochote kirefu ulicho nacho. Bwana Constant hakujua hayo, na simulaumu. Na yeye alikuwa anapigia kelele uhai wangu.

Muliniambia kwamba Bagalwa alijitetea kwa mazuku na hamukumuamini, kwa kuwa pale hakuna mutu aliyewahi kuanguka. Ninajua pia munavyosema juu yangu, kwamba Musafiri ni mutu wa kuongeza. Ni kweli, samaki ninawaongeza. Asumini akinisikia anagawanya kwa nne. Basi musiniamini mimi. Fungeni mushumaa kwenye ncha ya mti, muuwashe, muushushe ndani ya lile shimo mukiwa mumesimama juu; ukizimika, mazuku yapo. Lakini twende sasa hivi. Jua likipanda na upepo ukianza, ile hewa inatawanyika, na Bagalwa atabaki ndani ya kasho.

Jana jioni niliporudi nyumbani nilikuta majirani wamekaa uani. Walikuwa wameambiwa nimeuawa, wamekuja kwa ajili ya maiti. Asumini alikuwa ameshapika chai ya matanga. Tukainywa pamoja, mimi nikiwa katikati yao. Chai ile nilipewa na Bagalwa.

Nimesema niliyoyajua na niliyoambiwa, nimeyatenganisha. Leo siongezi kitu. Nimesomewa kwa Kiswahili na nimekubali kuweka mukono.

(Sahihi) Musafiri Jafari

Maandishi ya OPJ: Saa moja na dakika ishirini tulifika mahali hapo pamoja na shahidi na mushitaki, Bwana Constant. Mushumaa uliteremushwa mara tatu. Mara zote ulizimika kwenye kimo cha goti. Ndani ya shimo mulikuwa ndege wawili na mujusi, wamekufa. Mushitaki ameondoa mashitaka kwa maandishi. Bagalwa ameachiliwa saa tatu. Shahidi alikuwa anamungojea mulangoni. Bagalwa alimuuliza: "Sasa utawaambia watu ni kambare gani amekuangusha?" Shahidi alimushika mukono kwa mikono yake miwili na kukaa hivyo, mpaka nilipowaomba wasogee, kwa kuwa watu wengine walitaka kuingia.

(Sahihi) Habumugisha, OPJ