Kamera za Pembeni za Gari la Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko, na wifi na watoto wanaendeleaje? Kile kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima, ila mimi nina kinyaa kilichonikaba hadi kooni, na usiponisikiliza wewe sijui nimtapikie nani.

Lile gari la umeme ulilomtumia Baba limpeleke kliniki kusafishwa kidonda cha mguu, unakumbuka halina vioo vya pembeni. Lina vikono viwili vyenye kamera, na dereva anatazama picha ndani. Basi mdogo wako Bosi, uliyemkabidhi ufunguo, aliona vile vikono ni vya kufungia kamba. Kweli tena! Alipakia matenga ya kuku juu ya paa na ndani, akakaza kamba kwenye kamera, zote mbili zikang'oka. Akazibandika kwa seloteipu, kisha akatangaza kwamba gari ni bovu, Baba asubiri.

Niliagiza kamera mpya nikasema nitazifunga mwenyewe, maana mafundi wa mtaani waliliona tu wakatikisa vichwa. Nilizima umeme wa gari, nikabandua plastiki ya ndani ya mlango polepole ili vishikizo visivunjike. Kaka, nilichokikuta humo! Manyoya yaliyolowa, kinyesi cha kuku kilichoteremka kupitia nafasi ya kioo cha dirisha, na funza wanatambaa juu ya nyaya. Nilitapika palepale. Mpaka leo yai silitaki hata kulitazama.

Nilisugua mpaka kucha zikaniuma. Nikafungua boliti, nikatoa kamera iliyokufa, nikapachika mpya. Picha ikagoma, kumbe plagi haikuingia hadi mwisho. Nilipoisukuma ikalia kap, na uzio wetu wote ukatokea kwenye skrini. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikafunga na ya upande wa pili.

Asubuhi yake nikampandisha Baba kiti cha mbele. Hapo hapo Bosi akatokea na matenga yake, kamba begani.

"Eh, limepona! Mzee, shuka kidogo, nawahisha oda moja tu, narudi sasa hivi."

Na Baba, Kaka, akaanza kuutoa nje ule mguu mbovu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hii si mara ya kwanza. Niliurudisha mguu ndani, nikafunga mlango, nikaondoa gari. Yule mtu alinitia kichefuchefu kuliko wale funza wake.

Kliniki, muuguzi alipofungua bandeji, ile harufu ya ndani ya mlango wa gari ikanijia tena. Alhamisi watamkata vidole viwili. Mguu wenyewe, daktari anasema, utapona asipokosa tena kuja. Njiani kurudi Baba aliniomba nisikuandikie. Kila ulipopiga simu alikwambia anapelekwa vizuri, ili wewe na Bosi msigombane.

Sasa ufunguo ninao mimi, ninalala nao. Bosi amenuna, na anune.

Nisalimie wifi, na yule mwanao mtundu umwambie shangazi anamshonea shati. Dada mkubwa anakusalimu sana. Baba naye angekusalimu, ila hajui kama naandika. Mungu akulinde, akufungulie njia uje tukuone.

Ukipiga simu, usimuulize Baba kama anakwenda kliniki. Niulize mimi.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu