Koki Niliyoifuta kwenye Mchoro

Mpendwa Shangazi,

Sijui barua ya kwenda kwa marehemu hupita njia gani, na unanijua, mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kinapita wapi kabla sijakiamini. Hata hivyo nakuandikia. Leo asubuhi nimefungua koki jikoni kwangu hapa Bukoba, ikakohoa mara mbili, ikatema hewa, kisha yakaja maji. Nikajaza sufuria, nikakaa nikiyatazama. Ni maji ya kwenu. Yametoka kwenye chemchemi iliyo juu ya kibanja chako, kule milimani kupita Kanazi, yakapita chini ya migomba yako, yakateremka hadi huku mjini. Tangu uondoke sijayanywa hata siku moja bila kukufikiria. Mume wangu anasema nichemshe chai, maisha yaendelee. Chai nachemsha. Hayo mengine ndiyo yananishinda.

Nilikuja kwako kutoka Muleba nikiwa naanza sekondari, na sanduku la bati na viatu vilivyonizidi mguu. Tata, kaka yako, alikuwa amenionya kwamba ukinishtaki hata mara moja atanirudisha nyumbani nilime. Hukunishtaki, ila ulinifundisha kazi. Asubuhi ya kwanza ulinivika ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani, ukatangulia mbele yangu kupanda hadi kwenye chemchemi. Ulikuwa na sheria zako pale. Sufuria yenye masizi haiguswi majini. Ugomvi mnaumaliza kabla ya kufika. Anayechota anampisha mjamzito, hata kama mjamzito huyo juzi alimsengenya. Mimi nilimwaga nusu ya ndoo njiani nikafika nyumbani nimelowa mgongo mzima.

"Kaisiki, binti wewe," uliniambia, "hayabebwi kwa shingo hayo, yanabebwa kwa akili."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Nilikuchukia kwa muda wa kama saa moja, halafu ukanipa senene wa kukaanga nikasahau.

Nilipochaguliwa kwenda chuo kusomea uhandisi wa maji, ulitangaza usharika mzima. Kuna mama mmoja wa kwaya alikuuliza, maji nayo yanasomewa? Ukamjibu kwamba wao wanayafuata maji, mwanao atayaita yaje. Nilijivuna sana. Nadhani maneno yale ndiyo yaliyoniponza, maana kwa miaka mingi nilidhani maji kweli yanakuja kwa sababu mimi nimeyaita.

Sasa nikueleze ilivyokuwa ofisini, kwa sababu sikuwahi kukueleza, nilikuonyesha tu ule mstari mwekundu kwenye ramani. Mji ulikuwa unapanda milima. Watu wanajenga juu kila mwaka, na maji ya kusukumwa na mashine kutoka ziwani yalikuwa yakifika kule yamechoka, siku nyingine hayafiki kabisa. Walimu, manesi, wauza mitumba, wote walikuwa wanaishi kwa madumu ya kununua. Hiyo ilikuwa shida ya kweli, siisemi kujitetea. Tukatafuta chanzo kilicho juu zaidi ya mji, ili maji yateremke yenyewe. Wenzangu walipokuwa bado wanapekua makaratasi, nikajitia kimbelembele. Nikasema, mimi chemchemi moja naijua. Haikukutwa na wataalamu wala mashine yoyote, Shangazi. Niliitaja mimi.

Wazee wa ukoo wa mumeo walikataa. Bomba lilitakiwa lipite katikati ya kibanja, karibu na makaburi, na wao hawakuona ni kwa nini mtu wa mjini achimbe mtaro kando ya baba zao. Tulikaa sebuleni kwako. Mwenzangu wa ofisini akaeleza kwa Kiswahili kizuri cha semina, faida za mradi, ushirikishwaji wa jamii. Wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa tena. Ndipo ulipoinuka ukaleta kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ambayo ukiitafuna na mtu umefunga naye ahadi. Ukachukua punje, ukanipa, nawe ukatafuna yako. Ukaniambia niseme mbele yao nitakachowafanyia.

Nikasema, "Bomba likipita hapa, koki itabaki hapa. Chemchemi ikifungwa, hakuna atakayeteremka bondeni kutafuta maji."

Yule mzee mkubwa, shemeji yako mwenye mkongojo, alinitazama, kisha akakunyooshea wewe kidole. "Sisi hatuwajui watu wa ofisi," alisema. "Tunamjua huyu. Kama huyu ametafuna naye, wachimbe."

Walichimba.

Koki yako niliichora. Hilo nakuapia. Ilikuwa kwenye mchoro wa kwanza, alama ndogo ya bluu mbele ya nyumba yako, nami nilipenda kuitazama. Siku ya kikao mkuu wangu aliinamia karatasi, akaweka kalamu juu ya alama ile. Akasema kila kijiji tukikitobolea bomba, mjini yatafika matone. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu za malalamiko kutoka mjini kila siku, na hakuna hata moja iliyotoka kijijini kwenu. Akasema tuipeleke awamu ya pili. Wote wakanitazama. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema kwamba nimetafuna kahawa na watu wale. Lakini niliona haya. Nilikuwa mwanamke pekee mezani, msomi, na kahawa ya kutafuna nikaiona kitu cha kuacha mlangoni na viatu vyenye tope. Nikasema sawa. Jioni ile nikaifuta koki kwenye kompyuta, na kufuta kwenye kompyuta ni kubonyeza mara moja tu.

Sikukuambia. Chemchemi ikazungushiwa uzio ili isichafuliwe, kama kanuni inavyotaka, na ninyi wenye chemchemi mkaanza kuteremka bondeni, ile njia ya mawe ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili.

Kila Jumapili baada ya ibada ulinipigia.

"Ile koki yetu imefika wapi?"

"Iko awamu ya pili, Shangazi."

"Na huyo Awamu anakaa wapi, waitu, mwana wa kwetu? Nielekeze nimfuate, miguu bado ninayo."

Tulicheka. Ulinichekesha ili nisione aibu, sasa ndiyo naelewa. Halafu kuna Jumapili moja hukuuliza. Ukaniuliza habari za watoto, za kazi, za mafua yangu. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hukuuliza.

Ulianguka wakati wa masika. Kemilembe binti yako ndiye aliyekukuta chini ya ile njia, dumu limekutangulia hadi kwenye magugu, nyonga imevunjika. Nilifika hospitali nikiwa nimeandaa maneno yangu yote, ya kukiri, ya kuomba radhi. Hukunipa nafasi. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Kule kwenu mjini, milimani, yanafika?"

Nikasema yanafika.

"Basi vizuri," ukasema, ukafumba macho.

Heri ungenitukana. Tusi ningelijibu, au ningelilia, lingekwisha. Hayo maneno yako mawili bado ninayo, nayasikia nikiwa nafua, nikiwa kwenye kikao, nikiwa naendesha gari. Wiki chache baadaye ukatutoka.

Tulikuzika kibanjani, kando ya mumeo, hatua chache kutoka kwenye bomba. Asubuhi ile ya mazishi, watu wamekaa kimya wakimngoja mchungaji, ikasikika sauti kutoka kwenye migomba. Pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka, ikavutika weee, halafu ikakatika. Wanawake wakashikana. Mzee wa mkongojo akageuza kichwa, hakutazama kwenye migomba, alinitazama mimi.

Mimi najua ni nini. Kibanja chako kimekaa kwenye mwinuko, na hewa inayobaki ndani ya bomba hukusanyika pale juu. Kwa hiyo tuliweka valvu ya kuitoa. Kila asubuhi maji yakifunguliwa kwa mgao wa mjini, bomba linajaa, hewa inatoka, ikishaisha valvu inajifunga. Niliichora mwenyewe. Hesabu zake ninazo. Pamoja na hayo nilikaa chini kwenye majani ya mgomba, na mtu mmoja mwema akanipigapiga bega akasema ndugu yangu, maji yakimwagika hayazoleki. Kati ya methali zote za Kiswahili, akachagua ile.

Kijijini wanasema ni wewe. Wanasema unahema ukipanda na dumu. Watoto hawapiti pale kabla jua halijakolea. Nilijaribu kumweleza Kemilembe kwa mikono, hewa inapanda hivi, maji yanasukuma hivi. Akaniacha nimalize.

"Najua ni hewa, dada. Nimesoma hadi kidato cha nne. Lakini mbona tulianza kuisikia mama alipokufa?"

"Ilikuwepo siku zote."

"Basi labda zamani alikuwa anaongea, hatukuweza kuisikia," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Mwaka jana mpango wa maji ya mji ukafanyiwa mapitio. Watu wameongezeka, bomba lile halitoshi, linatakiwa la pili, pana zaidi, sambamba na la kwanza. Maana yake kuchimba tena kibanjani, safari hii karibu zaidi na ulipolala. Mkuu wangu akasema nitumwe mimi kwa kuwa kule ni nyumbani. Nilikwenda. Kemilembe alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa maji kwenye kikombe. "Ya bondeni," alisema. "Nimeyafuata mwenyewe." Kahawa hakuleta. Nilikaa nikiingoja kama mjinga, mpaka nikaelewa kwamba haitakuja.

"Wazee wameniachia mimi neno," akaniambia. "Mama alikuazima uso wake, dada, ukaondoka nao. Mimi uso nilionao ni huu mmoja, na nitaishi nao hapa hapa."

Nilirudi mjini nikaingia kikaoni. Safari hii nilisema. Nilisema yote, punje ya kahawa, alama ya bluu, nyonga yako, mbele ya watu waliovaa tai. Pua ilinitoka kamasi, usidhani nilisimama kishujaa. Mkuu wangu akasema habari za marehemu zisiingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Nikamwambia zisiingie, lakini mchoro usio na koki hautoki mezani kwangu tena. Wakanong'onezana. Mwishowe wakakubali, nadhani kwa sababu kulizungusha bomba nje ya vibanja vyenu kungewasumbua zaidi kuliko koki moja.

Wazee waliposikia walitoa sharti lao moja. Koki kwanza, bomba baadaye. Wamejifunza, Shangazi. Nami niliwaandikia hivyo hivyo, kwa maneno yao, nikasaini.

Imejengwa mbele ya nyumba yako. Kuna tenki dogo lenye boya linalojaa polepole kutoka kwenye bomba kuu, halinyang'anyi mji chochote. Nimepima presha huku mjini, milimani kwetu, kabla na baada, haikushuka kwa kiasi cha kusemea. Siku ya kufungua walikuja kina mama na ndoo zao, yule wa kwaya naye akaja, amezeeka. Mzee wa mkongojo alikinga kiganja akanywa, akanawa uso, akaondoka bila kunisemesha. Sikumlaumu.

Walipotawanyika tulibaki mimi na Kemilembe, dumu lake likijaa. Alikuwa akilitazama lile tenki, analizunguka, analigusa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hii kuichora kulikuchukua muda gani?"

Nilifikiri kumdanganya. Ningeweza kusema mwezi, kusema wataalamu walikaa, kusema ilikuwa ngumu. Angeniamini, au angejifanya ananiamini, na wote wawili tungelala vizuri zaidi.

"Mchana mmoja," nikasema. "Nilianza baada ya chai ya saa nne. Saa kumi nilikuwa nimemaliza."

Hakulia wala hakunifokea. Alifunga koki, dumu likiwa halijajaa, akajitwisha, akaingia ndani akarudishia mlango. Nilisimama pale uani kwako mpaka nikaanza kusikia baridi.

Nimeona heri ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Ulikuwa mchana mmoja tu, na nilikuwa nao miaka yote ile uliyokuwa ukiteremka bondeni. Pumzika, waitu.

Mimi,
binti wa kaka yako