Jamleck wa Sura ya Tatu

Naro Moru,
Oktoba 1998

Ndugu yangu Mutuma,

Huku ni baridi tu, lakini viazi vimekubali. Mswada wa kitabu chako cha kutengeneza kurasa za intaneti ulifika, nami nikaujaribu na wanafunzi wangu wa kompyuta pale Nyeri. Uliniambia nisikuonee haya, basi sikiza.

Sura ya kwanza ni ngumu. Unaongea na mwanafunzi kama mtu aliyekuta kompyuta nyumbani kwao, na hawa wangu hata kipanya wanakishika kwa woga. Waliyoipenda ni ya tatu, ya kutengeneza ukurasa wa familia, ulipotumia yetu kama mfano. Walinakili neno kwa neno: "Kaka yangu Jamleck hubeba mizigo ya watalii hadi juu mlimani." Kila kompyuta darasani ikawa na Jamleck.

Nilichapisha ukurasa mmoja nikampelekea Jamleck mwenyewe hospitalini. Ndiyo, amelazwa tangu Agosti. Mama alinikataza kukuandikia, ati utaacha kazi huko Uingereza. Sasa hata kikombe cha chai tunamshikia. Nilipomsomea alicheka kidogo, akasema, "Mwambie Mutuma, huyu Jamleck wa kitabu bado ako na nguvu."

Kitabu kitawafaa wanafunzi. Rekebisha sura ya kwanza, ya tatu usiiguse. Lakini usingoje kitoke ndipo uje. Anataka umsomee wewe mwenyewe.

Dada yako anayekungoja,
Murugi